Si pesa za bure
Kakangu, umesema wanaolipwa kwa ulemavu na Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wasiojiweza, hapa Lamu wanakula pesa za serikali wamekaa tu. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba nzima! Na malipo hayo ya ulemavu, tangu 2011, ni ya wenye ulemavu mkubwa, wasioweza kula wala kwenda chooni bila mlezi. Jirani yangu humgeuza mwanawe kitandani usiku kucha asipate vidonda. Mchana amfulie, amlishe uji kwa kijiko. Kibarua atakifanya saa ngapi? Malipo yakichelewa, nepi anakopa dukani. Linaloniuma zaidi ni kwamba wako akina mama wanaona haya hata kujiandikisha, kwa kuogopa maneno kama haya yako.