Maswali na majibu: Mbona chai ya majani mazima haikolei?

Swali: Nimezawadiwa chai ya majani mazima. Nimeichemsha na maziwa kama nilivyozoea, ikatoka imepooza. Ni mbovu?

Jibu: Chai haina kosa. Uliyoizoea huenda ni ya CTC, mashine iliyobuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Huponda majani, huyararua na kuyaviringa yakawa punje. Punje hutoa rangi na ukali upesi, ndiyo maana hustahimili maziwa. Jani zima halina haraka hiyo. Lionje kwanza bila maziwa. Ulichozawadiwa hasa ni harufu, nayo maziwa huifunika.

Swali: Hutengenezwaje basi?

Jibu: Huchumwa kichipukizi na majani mawili machanga, yakatandazwa kwa saa nyingi, aghalabu usiku kucha, hadi yanyauke na kulainika. Kisha husokotwa, kwa viganja au kwa mashine, utomvu utoke ukutane na hewa. Hapo jani hugeuka hudhurungi kama tofaa lililokatwa. Wengi huita hatua hii kuchachusha, ingawa hamira haimo: ni vimeng'enya vya jani lenyewe na oksijeni. Moto ndio huisimamisha. Fundi hutegemea pua yake kujua wakati, na akizembea, harufu ya maua imeshapotea. Ukimaliza kunywa, chungulia birika. Jani lililofunguka zima, na kikonyo chake, linakuonyesha kama mchumaji na msokotaji walikuwa makini. Mimi hulitazama kila mara, hata mbele ya wageni.

Swali: Chai ya kijani ni mmea mwingine?

Jibu: Ni huohuo, Camellia sinensis. Majani yake hupashwa moto mapema, kabla hayajageuka rangi: China aghalabu kwenye kikaango, Japani kwa mvuke.

Swali: Yangu huacha ukakasi ulimini.

Jibu: Imekaa mno majini, au ni ya kijani na umeimwagia maji yanayotokota. Ya kijani itake nyuzi 70 hadi 80. Nyeusi, yaani ile iliyoachwa igeuke hudhurungi, maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi. Gramu 2 au 3 kwa kikombe, dakika 3 hivi, kisha chuja. Kijiko hudanganya, kwa kuwa jani zima ni jepesi na hujaza nafasi. Mizani ndogo ni bora. Vile vichujio vya duara vinavyofungwa viache. Jani huvimba, likakosa pa kujinyoosha.

Swali: Naweza kurudia majani yaleyale?

Jibu: Rudia, ila siku hiyohiyo, na kila mara yape muda zaidi. Oolong nzuri, chai iliyo kati ya kijani na nyeusi, hufika mara nne au tano. Kikombe cha pili ndicho ninachokipenda.