Barua kwa mwanangu: dhahabu haihami, inabebwa

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili jana usiku, umeniuliza dhahabu inapandaje toka huko chini kabisa kwenye mawe ya moto mpaka inafika hapa Geita kwenye maduara ya watu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kama ni kweli wanachosema wanafunzi wako kwamba inayeyuka inatiririka kama asali na ikichukizwa inahama. Kwa simu ntachanganya mambo, bora nikuandikie, ile miaka niliyokaa shedi ya sampuli kupanga mawe ya kudrili kwenye maboksi nilikuwa nawauliza wanajiolojia maswali mpaka wananikimbia, kwa hiyo hili nalijua kidogo.

Anza na hili la kutiririka. Dhahabu peke yake inayeyuka ikifika nyuzi 1,064 za sentigredi. Yale maji ya moto yaliyoijaza miamba kama ya kwetu hapa yalikuwa na nyuzi kama 300 mpaka 400 hivi. Hapo dhahabu haiyeyuki hata kidogo, sasa ilipitaje? Ilibebwa mwanangu. Aliyeibeba ni salfa, hiyo hiyo ya kiberiti inayonuka kama yai viza. Kwenye maji ya moto yaliyobanwa sana salfa inaishika dhahabu chembe kwa chembe, wanasafiri wote ndani ya maji kama chumvi kwenye mchuzi, huioni lakini imo. Salfa ndo bodaboda, dhahabu ni abiria, na ukishalielewa hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Sasa twende chini. Hapa tulipo tumekaa juu ya ganda la dunia, unene wake kwenye mabara ni kilomita kama 35 au 40, chini yake kuna manteli inayoshuka mpaka kilomita 2,900 hivi. Watu wengi wanadhani manteli ni uji wa moto, hapana, karibu yote ni jiwe gumu, la moto ndiyo lakini gumu, linayeyuka sehemu sehemu tu. Na dhahabu humo ni haba mno, ukichukua tani 1,000 za jiwe la manteli unapata kama gramu moja. Moja! Nyingine nyingi ilizama na chuma kwenye kiini wakati dunia bado changa, huko hakuna wa kuifuata. Kwa hiyo mwamba wa gramu 3 kwa tani ambao watu wanaulalamikia hapa kwetu umekusanya mara 3,000 ya kilichopo chini, we fikiria hiyo kazi.

Na hicho kidogo kilichomo kwenye manteli nacho kimejificha kwenye vijipunje vya salfaidi, yani salfa na chuma vimeshikana. Jiwe likiyeyuka kidogo tu vile vijipunje vinabaki chini na dhahabu yao. Mpaka jiwe liyeyuke sana, au pale ambapo bamba la chini ya bahari, yani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linazama chini ya bamba lingine likiwa na maji yake, yale maji yakipanda yanaibadilisha salfa, inaachana na chuma, na dhahabu inapata usafiri. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba chini ya volkano zinazotokea sehemu za namna hiyo, kilomita kama 50 mpaka 80 kwenda chini, kuna salfa inayojishika atomu tatu tatu ambayo inapenda dhahabu kuliko nilivyokuwa naambiwa enzi zangu. Na kule Patagonia, Argentina, volkano ilitapika mapande ya manteli toka kilomita kama 70 chini, wakayakata wakakuta punje za dhahabu kabisa ndani yake. Hapo niliposikia nilikaa kimya, maana hata sisi tuna volkano zilizotapika mawe ya manteli, ipo Lashaine kule Arusha, na Labait.

Ya Geita ni ya zamani zaidi. Kwanza uji wa mawe ulitoka kwenye manteli ukamwagika ukawa miamba, zaidi ya miaka bilioni 2.7 iliyopita, ukaja na tone lake la dhahabu. Baadaye ile miamba ikakunjwa ikabanwa ikapashwa moto, ikatoa jasho, lile jasho ndo maji yenye salfa, yakaikusanya dhahabu toka eneo kubwa yakapanda nayo kwenye nyufa. Kila tetemeko likifungua ufa maji yanakimbilia humo. Halafu yakakutana na yale mawe yetu ya mistari mistari, mstari wa chuma mstari wa kwatzi. Hapo mwanangu ndo utamu wenyewe, salfa ikaona chuma ikamkimbilia, wakashikana wakawa pairaiti, yale madini ya njano yanayong'aa, na abiria akaachwa barabarani. Dhahabu ikabaki hapo hapo bila wa kuibeba. Ndo maana wazee wa maduara wanafuata jiwe la chuma lenye kutu, wako sahihi kabisa hata kama hawajakaa darasani.

Kuhusu kuhama, waambie wanafunzi wako ukweli bila kuwaonea aibu. Mkanda, yani ule mstari wa mwamba wenye dhahabu, ukipotea kwenye duara ni kwa sababu miamba ilikatika ikasogea, au ufa uliishia hapo. Baba yako mdogo aliuza ng'ombe watatu akampa mganga aliyemwambia dhahabu imemkimbia, irudishwe, na mkanda wake ulikuwa umekatika tu na kusogea pembeni, wenzake waliupata mwaka uliofuata. Bado inaniuma mpaka leo, na kuna waganga waliodai vitu vibaya kuliko ng'ombe, unajua ninachosema. Ile dhahabu imetulia pale miaka kama bilioni 2.6 hivi, haimjui mtu.

Nimempa dereva wa basi la asubuhi la Mwanza mfuko wako, ndani kuna jiwe la mistari nililookota zamani kwenye kifusi. Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu. Ipitishe kwenye mistari myeusi itanata vizuri, halafu isogeze taratibu kuelekea ule upande wenye vijidoa vya njano vinavyong'aa, utasikia mkononi sumaku inalegea. Hapo chuma kilishachukuliwa na salfa. Waache watoto washike wenyewe mmoja mmoja.