Faiba, 5G au setilaiti katika fleti ya Zimmerman: nichague ipi?

Swali: Mhandisi, hujambo? Ninaishi na watoto wangu wawili orofa ya nne katika fleti moja ya Zimmerman, si mbali na Barabara ya Kamiti. Kazi yangu ni kunukuu sauti za mikutano na mahojiano kwa wateja walio Marekani na Uingereza, na karibu kila jioni huwa na mkutano wa video. Ninalipia faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, lakini kuanzia saa moja jioni simu yangu hupima megabiti 6 tu nikiwa chumbani, sauti hukatika katika mikutano, na stima ikipotea mtandao nao hupotea. Jirani ananishauri nihamie kampuni nyingine ya faiba, kaka yangu anasifu mtandao wa simu wa 5G, na mwenzangu kazini anasema Starlink, yaani mtandao wa setilaiti, ndiyo dawa. Bajeti yangu ni kama shilingi 4,000 kwa mwezi. Ni kampuni ipi iliyo bora hapa Nairobi? — Mnukuzi, Zimmerman

Jibu: Sijambo, dada. Nitayajibu yote uliyouliza, ingawa swali lako la mwisho halina jibu moja, kwa sababu ubora wa mtandao wa nyumbani hutegemea jengo na barabara kuliko jina lililo kwenye tangazo. Safaricom, Zuku, Faiba ya Jamii Telecommunications, Liquid, Poa na nyinginezo zote zina wateja wanaozisifu na wengine wanaozilaani, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa mtaa wake. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kampuni, inafaa ujue kasoro yako iko wapi, kwa maana kwa maelezo uliyotoa bado haijulikani kama ni ya kampuni au ni ya nyumba.

Kipimo cha simu ukiwa chumbani huchanganya mambo mawili: kasi inayoingia nyumbani kupitia faiba, na kasi inayobaki baada ya Wi-Fi kupenya kuta za mawe na kushindana na Wi-Fi za majirani. Fungua orodha ya mitandao kwenye simu yako jioni uhesabu majina yanayojitokeza. Katika fleti za Zimmerman, ambako madirisha ya jengo moja hutazamana kwa karibu na ya jengo jingine, orodha hiyo huwa ndefu. Masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ruta nyingi hutumia na simu nyingi hujiungia zenyewe, yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote waliorudi kutoka kazini wanagawana hizo hizo tatu. Hiyo pekee yaweza kueleza kwa nini mtandao wako hulegea saa moja jioni hata kama kampuni haijakupunguzia chochote.

Fanya hivi. Jioni, saa mbili hivi, watu wote wakiwa nyumbani, unganisha laptopu moja kwa moja na ruta kwa kebo ya mtandao, zima Wi-Fi ya laptopu, waombe watoto waache video kwa dakika chache, kisha upime. Rudia kipimo hicho alfajiri. Ukipata megabiti 18 au 19 kwa kebo nyakati zote mbili, kampuni inakupa ulicholipia na kuhama hakutakusaidia hata kidogo: toa ruta nyuma ya televisheni, iweke mahali pa juu na pa wazi karibu na chumba unachofanyia kazi, tumia masafa ya gigahezi 5, au bora zaidi uvute kebo hadi mezani pako. Gharama yake ni ndogo kuliko ada ya mwezi mmoja. Ukipata 19 alfajiri na 6 jioni kwa kebo hiyo hiyo, basi hapo una kesi dhidi ya kampuni, na picha za vipimo hivyo ndizo ushahidi wako.

Unapopima, usiridhike na seva ya Nairobi, yaani kompyuta ya mbali inayojibu kipimo, ambayo programu ya kupimia huichagua yenyewe. Njia ya kufikia seva iliyo hapa hapa jijini ni fupi, na huenda isipite popote palipo na msongamano. Faili zako zinatoka ng'ambo, kwa hiyo chagua pia seva ya London au Frankfurt ulinganishe. Kampuni zote hutegemea nyaya za chini ya bahari zinazofika Mombasa, kama vile TEAMS, SEACOM na EASSy, lakini hazinunui nafasi sawa wala hazina njia mbadala zilizo sawa. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ya Kenya ilizorota, na waliokuwa na njia nyingine za kutosha hawakuumia sawa na waliokuwa wakitegemea hizo mbili.

Sasa tuje kwenye neno faiba lenyewe, kwa kuwa mtaani kwenu neno hilo hufunika bidhaa mbili zisizofanana. Ya kwanza ni faiba inayoingia hadi ndani ya nyumba yako: uzi mwembamba unaochomekwa kwenye kisanduku chenye taa, na taa ya LOS ikiwaka nyekundu unajua uzi umekatika au umekunjwa mno mahali. Mfumo unaotumika sana kwa aina hii, GPON, hubeba takriban megabiti 2,488 za kupakua na 1,244 za kupakia, zinazogawanywa kwa nyumba 32 au 64. Hata kama nyumba zote 64 zingepakua kwa pamoja, kila moja ingebaki na megabiti 38 hivi, kiasi kinachozidi kifurushi chako. Ya pili ni ile ambayo faiba inafikia jengo moja tu mtaani, kisha mgavi mdogo anaisambaza kwa kebo za shaba zinazovuka kutoka paa hadi paa. Tangazo litasema faiba, lakini kinachoingia kwako ni waya wa shaba, na laini moja aliyoikodi mgavi huyo inaweza kuwa inahudumia mtaa mzima. Hapo jioni huwa na foleni isiyoondolewa na ruta yoyote utakayonunua.

Tofauti hiyo ndiyo pia inayoeleza stima yako. Kigawanyio cha GPON, yaani kile kinachogawa uzi mmoja kwa nyumba nyingi, kilicho kwenye mlingoti hakihitaji umeme, hivyo stima ikipotea mtaani huduma huweza kuendelea ikiwa kisanduku na ruta yako zina betri. Betri ndogo ya volti 12 inayouzwa katikati ya jiji hutosha kwa saa kadhaa. Soma volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta zako kabla ya kununua, kwani vifaa vingine hutumia volti 9. Kwa yule mwenye kebo za paa, betri ya nyumbani haina maana kama swichi ya mgavi, yaani kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo hizo, iliyo paani karibu na matangi ya maji imezimika pamoja na jengo. Kwa hiyo stima itakapopotea tena, muulize jirani mwenye betri kama mtandao wake unaendelea. Jibu lake litakueleza mengi kuliko tovuti ya kampuni yoyote.

Kuhusu ushauri wa jirani, yaani kuhamia faiba nyingine, nauunga mkono kwa masharti. Anza na keyateka: majengo mengi yana kampuni moja au mbili tu zilizoruhusiwa na mwenye nyumba, na visanduku vilivyo ukutani kwenye ngazi vitakuonyesha ni zipi. Kisha muulize mpangaji anayetumia kampuni hiyo ndani ya jengo lenu akupimie saa mbili usiku. Bei isikuchanganye. Mnamo Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya nyumbani, na kifurushi cha shilingi 2,999 kikawa megabiti 15, huku cha shilingi 4,100 kikawa megabiti 30. Tumia hivyo kama kipimo cha kulinganishia, lakini thibitisha bei ya siku unayojiunga. Uliza pia kasi ya kupakia kando na ya kupakua, na kiasi cha matumizi ambacho ukikivuka kasi hupunguzwa, kwa kuwa hayo mawili huandikwa kwa maandishi madogo pale yanapoandikwa.

Kwa kazi yako huhitaji kasi kubwa mno. Zoom inapendekeza takriban megabiti 3.8 za kupakia na 3.0 za kupakua kwa mkutano wa kikundi wenye picha ya 1080p, nayo Netflix inataka megabiti 5 kwa picha ya kiwango hicho. Faili ya sauti ya megabaiti 200 ni megabiti 1,600, kwa sababu baiti moja ni biti nane, hivyo kwa kasi ya 20 inafika kwa sekunde 80, na kwa kasi ya 6 inachukua dakika nne na nusu. Megabiti 20 zisizoyumba zitakuhudumia wewe na watoto wawili wanaotazama video bila shida. Zinazofika 60 asubuhi na kuanguka hadi 5 jioni zitakufukuzisha kazi.

Kaka yako hakukosea kuhusu 5G, ila anazungumzia nyumba yake. Safaricom iliifungua kibiashara mwaka 2022 na Airtel ikafuata mwaka 2023, na faida yake kubwa ni kwamba haihitaji ruhusa ya mwenye nyumba wala fundi wa kutoboa ukuta. Lakini masafa yake hupungua nguvu haraka yakikutana na mawe, na watu wote walio chini ya mnara mmoja hugawana uwezo wake, kwa hiyo jioni inaweza kukuletea tatizo lile lile unalolikimbia. Iwapo kuna rafiki mwenye kifaa hicho, kiazime kwa usiku mmoja, kiweke kwenye dirisha linaloelekea mnara, ukipime wakati wa mkutano wako. Bila jaribio la namna hiyo nisingelipa.

Starlink singekushauri, ingawa ni teknolojia nzuri. Setilaiti zake ziko umbali wa kilomita 550 hivi kutoka ardhini, kwa hiyo sauti haicheleweshwi kama ilivyokuwa kwa setilaiti za kale zilizo zaidi ya kilomita 35,000, na kwa mtu wa Kitengela asiye na faiba ningeitaja kwanza. Wewe unahitaji anga wazi juu ya paa lisilo lako, kebo ya kushuka orofa kadhaa, na betri kubwa zaidi, kwa maana sahani yake ya kunasa mawimbi hula umeme kuliko ruta na kisanduku cha faiba kwa pamoja. Isitoshe, msongamano jijini uliwafanya Starlink wasitishe kusajili wateja wapya wa Nairobi na kaunti za jirani kuanzia mwishoni mwa 2024 hadi katikati ya 2025. Kifurushi cha gigabaiti 50 walichokiuza kwa shilingi 1,300 mwaka 2024 kinavutia kwa bei, lakini video ya megabiti 5 hula gigabaiti 2.25 kwa saa, na watoto wako wangekimaliza kwa saa 22 hivi za kutazama.

Kwa bajeti yako, basi, ningebaki na faiba inayoingia hadi ndani, iwe ya kampuni uliyo nayo au ya nyingine iliyoruhusiwa jengoni, nikaongeza betri, na nikaweka bando la simu la mtandao tofauti kwa dharura. Usiweke faiba mbili kama tahadhari: mara nyingi huning'inia kwenye milingoti ile ile, na lori moja refu huzikata zote.

Vipimo vya kebo vikithibitisha kuwa kosa ni la kampuni, waandikie kwanza wao, uambatishe picha zenye tarehe na saa, na utunze namba ya malalamiko. Wasipokujibu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja chini ya Kanuni za Ulinzi wa Mteja za mwaka 2010. Ukiamua kuhama, usikatize huduma ya zamani kabla mpya haijapita angalau majuma mawili ya jioni zenye mikutano, na siku ya kurudisha ruta yao, usiondoke dukani bila stakabadhi yenye namba ya kifaa hicho.