Maswali ya Wasomaji: Kwa Baiskeli hadi Ziwa Song-Kul

SWALI: Wahariri, salaam. Mwezi wa saba tunakwenda Kirgizia, sisi wawili. Tunataka kupanda kwa baiskeli kutoka Kochkor hadi malisho ya juu na Ziwa Song-Kul. Gia yetu nyepesi kabisa ni meno 32 mbele, 32 nyuma, na kila mmoja atabeba kilo 15. Je, siku moja inatosha? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Haitoshi, na sababu si miguu tu. Kochkor iko kwenye mita 1,800 hivi. Ziwa liko mita 3,016, lakini kabla ya kulifikia barabara inapita juu ya Kalmak-Ashuu, njia ya kuvukia milima, mita 3,446. Kwenye changarawe na mzigo, kupanda mita 300 kwa saa ni mwendo mzuri, hesabuni wenyewe. Laleni njiani chini ya mita 2,700, kesho yake mvuke juu kabla ya saa sita mchana, kwa sababu radi na mvua ya mawe hupenda alasiri. Theluji nayo huweza kuanguka hata mwezi huo wa saba.

Wengi hawalioni jambo hili kwenye ramani: ziwa limezungukwa na milima. Mtu akiugua kwa uhaba wa hewa, dawa ni kushuka, ila kurudi kwa njia hiyo kunadai kupanda kwanza mita 430. Kwa hiyo uamuzi ufanyike upande wa Kochkor. Aliyeamka na kichwa kinauma na kichefuchefu asivuke siku hiyo. Akianza kuyumba au kushindwa kupumua hata akiwa amekaa, shukeni mara moja, na kwa gari ikiwezekana.

Gia hiyo ni nzito. Mkikanyaga mizunguko 60 kwa dakika mtakwenda karibu kilomita 8 kwa saa, mwendo usiowezekana kwenye mwinuko mkali wenye mzigo. Fundi aweke meno 30 mbele na 42 nyuma, mwendo ushuke hadi kama 5.7. Mnyororo nao upimwe upya: ukiwa mfupi, siku mtakapoingia gia hiyo kubwa utakivuta kibadilisha gia hadi kivunjike. Kifaa hicho chenyewe kiwe cha kumudu meno 42. Si vyote vinavyomudu.

Tairi ziwe na upana wa milimita 47 au zaidi. Barabara ina mawimbi kama bati, na mtikisiko wake hulegeza nati za keria, basi zikazeni kila jioni na mbebe skrubu za M5 (unene wa milimita 5) za akiba. Spoki zinazokatika mara nyingi ni za gurudumu la nyuma, upande wa gia. Kuzibadilisha kunahitaji kifaa cha kung'oa gia, kwa hiyo spoki bila kifaa hicho ni mzigo tu.

SWALI: Na chakula?

JIBU: Mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege, nunueni Bishkek, mji mkuu. Kuni hakuna, kwani huko juu hakuna miti, na wafugaji huchoma samadi kavu. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 90 hivi, kwa hiyo maharage yaacheni nyumbani. Mifugo imejaa kila mahali, hivyo maji ya kijito yachemsheni. Kati ya Juni na Septemba wafugaji hupokea wageni kwenye yurta zao, yaani mahema ya duara. Kumisi, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, ina kilevi kidogo. Asiyetaka aombe chai.