Soma na ndugu yako

Juzi msomaji mmoja wa hapa Moshi aliniandikia: "Dada, hizo habari za watoto kuteswa unazisoma za nini? Unajitonesha kidonda bure." Swali lake limenikaa rohoni siku tatu.

Mimi na kaka yangu tulilelewa kwa ndugu wa baba, Kibosho. Waya wa pasi ulikuwa na msumari wake nyuma ya mlango wa jiko. Tukirudi shule, cha kwanza ni kuangalia kama upo. Usipokuwepo, ujue uko mkononi mwa mtu.

Usiku mmoja tulitoroka kupitia migombani, twende kwa bibi mzaa mama. Kufika kwenye mfereji wa maji, nikaogopa, nikarudi. Kaka, miaka 12, akaenda peke yake. Kesho yake bibi akaja kunichukua. Lakini zaidi ya miaka ishirini nilijihesabu msaliti.

Mwaka jana nikasoma habari za familia ya Turpin, kule Perris, California. Watoto 13, wa miaka 2 hadi 29, wengine wamefungwa minyororo vitandani. Januari 2018 binti wa miaka 17 akatokea dirishani, akawapigia polisi. Mwaka 2019 wazazi wakahukumiwa kifungo cha maisha, wasiweze kuomba kuachiwa kabla ya miaka 25. Kila mtu anamsifu binti yule, na anastahili. Mimi nilikwama kwa mdogo wake: naye alitoka dirishani, akaogopa, akarudi ndani.

Nililia mpaka mwanangu akaja kuniuliza kuna nini. Nikampigia kaka, yuko Arusha, nikamsomea. Alinyamaza, kisha akasema, "Ulikuwa na miaka tisa, mdogo wangu. Na mimi niliogopa kukurudia."

Basi ushauri wangu ndio huo. Kama umepitia haya, soma, ila soma mchana, na uwe na mtu wa kumpigia. Hasa ndugu uliyeteseka naye. Usisome peke yako usiku, utabaki na waya tu.

Nanyi majirani: wa kwetu walisikia vilio vyetu, wakasema ni mambo ya nyumbani kwa watu. Leo kuna namba 116, simu ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Mnasubiri mtoto wa miaka tisa ndiye awe jasiri?

Desemba hii mimi na kaka tunapanda Kibosho. Anataka tuuone ule mfereji mchana.