Kwa mnaoanza Historia mwaka huu: msiruke Julai 1914

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, na nyinyi maasistenti wapya mliokabidhiwa karatasi zao mzisahihishe: nimemaliza kusoma mitihani, na swali la chanzo cha vita vya dunia limejibiwa tena kwa jedwali lile lile. Kushoto "sababu za mbali": ubeberu, mashindano ya silaha, miungano, uzalendo uliopita kiasi. Kulia "sababu ya karibu": Sarajevo, mji alikouawa mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria. Mstari wa katikati umepigwa kwa rula, umenyooka kabisa. Kisha vita vinaanza. Nani aliamua, siku gani, akiwa anajua nini, hamna.

Nimeongoza TFC, kazi za utafiti za kumalizia masomo, hapa Bukavu kwa miaka mingi na kosa hili huzaliwa upya kila mwaka. Nawapenda, kwa hiyo sitazunguka.

1. Msiruke Julai.

Alikuja kijana mmoja kutetea TFC juu ya vita vya 1914 hadi 1916 huku kwetu ziwani. Alikuwa amefanya kazi: alizungumza na wazee, alichora ramani kwa mkono wake. Ukoo mzima ulikuja, mama yake mstari wa mbele na kitenge kipya, kreti za soda zikingoja nje. Mmoja wa juri akauliza swali ambalo hakuna aliyelidhania kuwa gumu: kati ya tarehe 28 Juni na 28 Julai 1914, nani alifanya nini? Kijana akanyamaza. Akafungua kazi yake, akapekua. Aya moja ya sura ya kwanza iliishia kwa risasi za Gavrilo Princip kule Sarajevo. Aya iliyofuata ilianza na majeshi ya Ujerumani yakiingia Ubelgiji tarehe 4 Agosti, na kilichoziunga aya hizo mbili kilikuwa "hivyo basi". Akaisoma sentensi ile kwa sauti, akaisoma tena, kana kwamba jibu limejificha ndani yake. Mama yake aliacha kutabasamu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, na niliumia, kwa sababu ukumbi mzima uliona kwamba kijana mwenye akili hivi hajawahi kuambiwa na mtu kuwa swali hilo lipo.

Basi nyinyi nawaambia sasa. Tarehe 5 Julai Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, aliwaahidi wakuu wa Vienna, mji mkuu wa Austria-Hungaria, kwamba Ujerumani itasimama nao hata Urusi ikiingia, na kesho yake kansela wake, Bethmann Hollweg, akathibitisha. Vienna haikukimbilia kutenda. Ilingoja rais wa Ufaransa, Poincaré, amalize ziara yake St Petersburg, ili Wafaransa na Warusi wasikae chumba kimoja kupanga jibu. Tarehe 23 saa kumi na mbili jioni balozi wa Austria, Giesl, akaikabidhi Serbia, iliyolaumiwa kwa mauaji ya Sarajevo, masharti mjini Belgrade, muda wa kujibu saa 48. Waserbia wakakubali sehemu kubwa, wakagomea hasa sharti la maafisa wa Austria kufanya uchunguzi ndani ya nchi yao. Jibu lilifika tarehe 25 muda ukiwa haujaisha. Balozi akalipitisha macho, na nusu saa baadaye alikuwa kwenye treni. Mizigo yake ilikuwa imekwisha kufungwa, na jambo dogo hilo linaeleza nia ya Vienna kuliko kurasa zenu tatu juu ya "uzalendo uliopita kiasi".

Tarehe 26 Edward Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akaomba mkutano wa mataifa manne; Berlin ikakataa. Asubuhi ya 28 Wilhelm akasoma hatimaye jibu la Serbia, akaandika kwamba sababu yote ya vita imeondoka. Siku ile ile Austria ikatangaza vita. Usiku wa 29 Tsar Nicholas wa Urusi alifuta amri ya kuita jeshi lote baada ya telegramu ya Wilhelm, na mchana wa 30 waziri wake Sazonov akamshawishi aitoe upya. Hapo diplomasia ilikuwa imebaki na saa, si siku tena.

Na hapo ndipo upanuzi wa kijeshi unapopata maana. Mpango wa Wajerumani ulitaka Ufaransa iangushwe kwa wiki sita hivi, kabla Urusi haijamaliza kukusanya watu wake. Kwa hiyo kila siku ya mazungumzo ilikuwa siku wanayopewa Warusi. Ugomvi ulikuwa wa Balkani, lakini mpango ulipitia Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa yalikuwa yameahidi kwa mkataba wa 1839 kutoigusa. Jioni ya 1 Agosti Wilhelm, akidhani Uingereza itakaa pembeni, alimtaka jenerali Moltke, mkuu wa majeshi yake, ageuze jeshi lote lielekee mashariki. Moltke akamwambia haiwezekani: jeshi la watu milioni linapangwa kwa mwaka mzima, na treni zimekwisha pewa zamu. Mfalme mwenye jeshi kubwa hivyo akakuta hana namna ya kulisimamisha. Mwanafunzi akiniandikia hilo kwa maneno yake mwenyewe, nampa alama zote za swali.

2. Manowari za Dreadnought za 1906 zipeni mstari mmoja; mistari inayobaki wapeni reli za Urusi zilizojengwa kwa mikopo ya Ufaransa, na sheria ya Ufaransa ya 1913 ya miaka mitatu jeshini.

3. Mkataba husomwa kifungu kwa kifungu.

Kila mwaka naandikiwa kwamba "Mkutano wa Berlin uliifanya Kongo isiwe upande wowote, lakini Wajerumani wakavunja". Fungueni Hati ya Berlin ya 1885, kifungu cha 11. Kinasema nini? Kwamba waliotia sahihi watasaidia ili maeneo haya yawekwe nje ya vita kwa makubaliano ya pande zote zinazopigana. Makubaliano ya pande zote! Maana yake mmoja tu akikataa, kinga haipo. Agosti 1914 Ubelgiji ilijaribu kukitumia kifungu hicho na haikufua dafu. Waingereza walikuwa tayari wamepiga mizinga kituo cha redio cha Dar es Salaam tarehe 8 Agosti. Tarehe 22 meli ya Wajerumani ikashambulia bandari ya Lukuga, Kalemie ya leo, ikaiharibu meli ya Wabelgiji. Tarehe 24 Septemba Wajerumani wakaiteka Idjwi.

Idjwi, wadogo zangu. Wengine wenu mna wajomba huko, na nanasi mnazokula hapa mjini zinatoka huko. Kisiwa kile kiliingia katika vita vya dunia kwa sababu kifungu kiliandikwa ili kipendeze mezani na kisimfunge mtu. Mwaka 1916 Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, ikaingia Kigali mwezi wa Mei na Tabora tarehe 19 Septemba, na nyuma yake wapagazi zaidi ya 200,000 wenye mizigo vichwani. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, wala si kwa risasi. Anayetaka TFC yenye maana aanze na hao.

4. Msianzie Munich.

Munich ya Septemba 1938 mnaijua: Hitler, Mussolini, Chamberlain wa Uingereza na Daladier wa Ufaransa wanaigawa Chekoslovakia bila Wachekoslovakia kukaa mezani. Sawa. Lakini Hitler alijifunza wapi kwamba hatazuiwa? Rudini nyuma. Septemba 1931 Japani inaingia Manchuria, Shirika la Mataifa (League of Nations), lenye makao Geneva, linatuma tume, ripoti inatoka, na mwezi wa Machi 1933 Japani inaaga na kujitoa. Oktoba 1935 Mussolini anaivamia Ethiopia, mwanachama halali wa Shirika. Vikwazo vinawekwa, ila mafuta hayamo. Mfereji wa Suez unabaki wazi, na meli zenye askari wa Italia zinapita humo. Desemba mawaziri wawili, Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa, wanakubaliana faraghani kumpa Mussolini sehemu kubwa ya nchi ya watu. Siri inavuja na Hoare anajiuzulu. Machi 1936, Geneva ikiwa bado inahangaika na Ethiopia, Hitler anapeleka askari Rhineland, eneo la Ujerumani ambalo mikataba ilikataza jeshi. Tarehe 30 Juni mwaka huo Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, anasimama mwenyewe Geneva kudai haki, waandishi wa Kiitalia wanampigia miluzi ukumbini, na wiki chache baadaye vikwazo vinaondolewa.

Mwandikapo juu ya Ethiopia msiiweke katika tanbihi. Mwaka 1941 askari wa Kongo walitumwa kuvuka Sudani hadi huko, wakapigana Asosa na Gambela, na mwezi wa Julai jenerali wa Italia Gazzera akasalimu amri Saio. Kilichoachwa kifanyike mwaka 1935 kililipwa miaka sita baadaye na vijana kutoka nchi hii, ambao hakuna aliyewauliza maoni yao wakati wowote.

5. Angalieni wajumbe walisafirije.

Hili silioni kwenye karatasi zenu na linanisikitisha. Agosti 1939 Uingereza na Ufaransa zilihitaji mapatano ya kijeshi na Wasovyeti ili Hitler aogope kuigusa Polandi. Wakatuma ujumbe kwa meli ya polepole, nao ukafika Moscow tarehe 11. Kiongozi wa Waingereza, admeri Drax, alipoombwa na Voroshilov, kiongozi wa Wasovyeti mezani, hati ya kumpa mamlaka ya kutia sahihi, hakuwa nayo. Kisha likaja swali la msingi: je, Polandi itaruhusu jeshi la Wasovyeti lipite katika ardhi yake? Wapolandi walikataa, na sababu zao zilikuwa nzito. Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje wa Hitler, naye alikuja kwa ndege, na usiku wa 23 Agosti mapatano yake na Molotov, mwenzake wa Kisovyeti, yalitiwa sahihi, pamoja na itifaki ya siri ya kuigawa Polandi. Siku tisa baadaye vita vikaanza. Mwanafunzi anayelinganisha meli ile na ndege ile amekwisha kueleza jinsi diplomasia inavyoshindwa pale ambapo upande mmoja unataka mapatano na mwingine unataka tu kuonekana unazungumza.

6. Sisi wa Kivu tumekua tukisikia majina ya miji ya mazungumzo ya amani kwenye redio: Lusaka 1999, Sun City, Nairobi. Tunajua sahihi inavyowekwa huku malori ya askari yakiendelea kupanda mlima. Ujuzi huo ni halali, nao utawasaidia kuuliza maswali ambayo mwenzenu wa kwingine hatayafikiria. Lakini ukiniandikia kwamba Julai 1914 ilikuwa "kama huku kwetu", nitakuomba ushahidi, kama ninavyomwomba kila mtu.

7. Asia nayo ni dunia.

Wachina walikuwa vitani na Japani tangu Julai 1937. Julai 1941 Japani ikaingia kusini mwa Indochina, Marekani ikazuia mali zake na kuikatia mafuta, na Japani ilikuwa ikitegemea Marekani kwa sehemu kubwa ya mafuta yake. Tangu hapo kila mwezi wa mazungumzo Washington ulikuwa mwezi wa matangi kupungua, na tarehe 26 Novemba, siku Hull, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipokabidhi masharti yake, meli za Japani za kwenda kuishambulia Pearl Harbor zilikuwa zimeng'oa nanga. Linganisheni na treni za Moltke.

Mwenye kutaka nimwongoze mwaka huu asiniletee mpango wa TFC kwanza. Aniletee ukurasa mmoja wa tarehe za mgogoro wake, siku baada ya siku, na mbele ya kila tarehe aandike kila mji mkuu ulikuwa unajua nini asubuhi ile. Maasistenti, nanyi andaeni wa kwenu wa Agosti 1939 kabla ya mazoezi ya wiki ijayo, maana wanafunzi watawauliza.