Kabla ya Kuchukua Mkopo wa Gari, Tembea Njia Yako Kwanza

Wiki jana msomaji mmoja aliniandikia. Ni mwalimu, ameajiriwa juzi juzi tu, anaishi Otonglo na shule yake iko katikati ya mji wa Kisumu. Sacco imekubali kumkopesha na tayari ameonyeshwa Vitz "safi kabisa". Achukue au aache? Nikamuuliza gari analitakia nini. Akajibu, "Dada, nimechoka kudharauliwa."

Hakusema kwamba matatu zinamchelewesha, wala kwamba nauli imemshinda. Najibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wenu pia mna fomu ya mkopo iliyokunjwa kwenye mkoba.

Dharau hiyo naijua. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mzee wa ukoo wa mume wangu huko Gem. Nilipanda matatu hadi Yala, kisha boda, nikafika vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi. Langoni vijana walikuwa wanaongoza magari kana kwamba waziri anakuja. Aliyeshuka kwenye gari alipelekwa moja kwa moja hema la mbele, akaletewa soda baridi. Sisi tuliokuja kwa miguu na boda tulielekezwa nyuma, karibu na jikoni, na kabla sijakaa vizuri nilikuwa nimeshikishwa kisu na beseni la vitunguu. Wifi yangu akapita na funguo zikining'inia kidoleni, akaniambia mbele ya watu, "Na duka lako lote hilo, bado unapanda boda?" Wakacheka. Mchango wangu wa mazishi ulikuwa mkubwa kuliko wake, lakini hilo halikutangazwa kwenye kipaza sauti. Nimeshamsamehe. Au tuseme, karibu nimsamehe.

Wakati huo mimi nami nilikuwa na mkopo uliokwisha kuidhinishwa. Niliutia kwenye agroveti ya pili, duka la pembejeo za kilimo na dawa za mifugo, upande wa Mamboleo. Mambo ya leseni na kutafuta stoo sitawachosha nayo. Mwezi uliopita nimemaliza kuulipa mkopo huo, na duka ndilo linalolipa karo ya watoto wangu. Ninasema kwa kifua mbele: sina gari, na mbolea yangu inafika.

Lakini msidhani wifi alibuni dharau ile mwenyewe. Mji mzima unatufundisha. Kuna hoteli moja mjini ambayo nikienda kwenye mkutano wa wafanyabiashara, askari huinua kizuizi kwa kila gari bila hata kuuliza jina, kisha mimi hunipekua mkoba na kutaka kujua nimemfuata nani. Tazama pia barabara ya Kakamega ilivyopanuliwa kutoka mzunguko wa Kisumu Boys hadi Mamboleo, na daraja la magari pale Kondele. Mwenye gari anapaa juu. Mama mwenye beseni la omena anasimama ukingoni akipima mbio za magari kwa macho, ajue lini atimue. Sheria inasema mjini mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa; kasimame hapo jioni uone nani anaikumbuka. Na kila mwaka, katika wanaokufa barabarani nchini, waenda kwa miguu ndio wengi zaidi.

Hata baiskeli haikuondoka mjini yenyewe. Boda za mwanzo kabisa, zile za kuvusha watu Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zilikuwa za baiskeli, na Kisumu hii baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma zilikuwa kila kona. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa. Siwalaumu vijana wa pikipiki, wanalea familia. Ninachosema ni kwamba tunachokiita "chaguo langu" mara nyingi kimeshapangwa na bajeti ya mtu mwingine.

Mji ukitaka, unaweza. Kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika uliofanyika hapa Mei 2022, katikati ya mji tulijengewa njia pana za miguu, na kutembea Oginga Odinga Street kukawa raha. Sasa kuna mabwana wanaoegesha juu ya njia hizo hizo, halafu wanakupigia honi wewe uliye kwa miguu ujipishe!

Kwa hiyo, mwalimu wangu, sikiliza. Tembea njia yako kwanza. Kutoka Otonglo matatu za Maseno na Busia zinapita asubuhi yote; jaribu kuwahi ile ya mapema. Tafuta nyumba karibu na kazi kabla ya kutafuta gari. Kisha andika gharama zote: si bei ya Vitz tu, bali bima, mafuta, matairi, fundi, ada ya kuegesha, na binamu watakaoomba uwapeleke hospitali usiku. Usinunue heshima kwa riba. Narudia, usinunue heshima kwa riba, maana ndugu hao hao watakaokushangilia langoni hawatakulipia hata mwezi mmoja wa mkopo.

Ukiwa na mgonjwa wa kubeba kila wiki, au mzigo mzito, au kazi ya usiku, nunua gari na usimsikilize mtu, hata mimi. Mwanamke anayetoka zamu saa sita usiku simhubirii kutembea mtaa wa Nyalenda gizani.

Na ukiamua baiskeli, Otonglo hadi mjini si mbali kwa kijana mwenye miguu. Ondoka mapema kabla jua halijawaka, beba shati lingine kwenye mfuko, na uombe shule ikuonyeshe mahali pa kuifungia ndani ya ua. Kufuli nunua la mnyororo mnene. Yale ya waya wanayakata kwa koleo mchana kweupe.